Picha ya Bibi Ukutani: Je, Brashi Nayo Hujua?

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Ujiji, na ninafundisha katika shule ya msingi hapa Kigoma. Nachora tangu utotoni, kwanza kwa mkaa juu ya sakafu, baadaye kwa penseli, na sasa kwa rangi za mafuta ninazoagiza kutoka Dar es Salaam. Kazi hiyo haikuwahi kunigombanisha na mtu yeyote mpaka nilipomchora bibi yangu.

Bibi, mzaa baba, alifariki mwaka jana. Yeye ndiye aliyenilea. Ujana wake wote alikamua mawese, na uzeeni jioni zake zilikuwa za kibarazani, tasbihi mkononi, akiwatazama wanawake wanaopanda kutoka ziwani na mabeseni ya dagaa na mgebuka. Baada ya maziko nyumba ilijaa visomo, na usiku mmoja, ilipofikiwa aya isemayo kwamba kila nafsi itaonja mauti, aya niliyoihifadhi chuoni nikiwa mtoto, nililia kwa namna ambayo sikulia hata jeneza lilipokuwa linatoka nyumbani. Aya ile nilikuwa naijua kwa miaka mingi, lakini usiku ule niliijua kwa namna nyingine ambayo mpaka leo siwezi kuieleza.

Arobaini ilipopita nilianza kumchora bibi juu ya ubao wa plaiwudi. Nilimchora kwa kumbukumbu, kwa maana picha yake pekee tuliyo nayo ni ile ndogo ya kitambulisho. Uso ulikuja upesi, lakini mikono ilinishinda. Nilimchora ameshika tasbihi kwa mkono wa kulia, kama tunavyofundishwa, na kila nilipomaliza niliona kwamba yule si bibi. Nikafuta, nikarudia, nikafuta tena, kwa majuma matatu. Usiku mmoja, bila kujua kwa nini, niliihamishia tasbihi kwenye mkono wa kushoto, na mkono wa kulia nikaulaza pajani, vidole vikiwa vimekunjika kidogo. Papo hapo bibi akawa bibi. Nilishtuka. Kesho yake nikamwendea shangazi yangu na kumuuliza, naye baada ya kimya kirefu akaniambia kwamba mkono wa kulia wa mama yao uliungua kwa mawese yaliyokuwa yanachemka, kabla baba yangu hajaanza shule, na kwamba marehemu hakupenda jambo hilo lisemwe. Niliishi naye miaka 26 sikuliona. Nililiona nilipolichora.

Kwa furaha ya ugunduzi huo niliitundika picha sebuleni. Baba, ambaye ni mwalimu wa chuo cha Kurani na huswalisha watu mtaani kwetu, aliporudi baada ya sala ya isha alisimama mbele yake kwa muda, akasema neno moja tu, “Iondoe,” akaingia chumbani bila kula. Kaka yangu, aliyerudi karibuni kutoka masomoni, ndiye aliyeendeleza maneno: kwamba kuchora chenye roho ni haramu, na zaidi ya hapo, kwamba sanaa haimfundishi mtu lolote, kwa kuwa elimu ni ile iliyoteremshwa, na mengine yote ni mapambo. Nilipomsimulia mwalimu mwenzangu shuleni, yeye akanivuta upande wa pili kabisa. Alisema kwamba dini na sanaa zote mbili ni hadithi za kujiliwaza, tofauti ni kwamba sanaa hukiri kuwa ni hadithi. Na akanitajia mwanafalsafa mmoja wa Kijerumani aliyefundisha kwamba sanaa ni daraja la chini, dini ni la kati, na fikra tupu ndizo za juu.

Mwalimu, sina raha. Nilichokipata nilipomchora bibi ni elimu, au ni hisia zangu tu? Kama ni elimu, inakaa wapi mbele ya kile nilichokipata kwenye kisomo? Na je, niache kuchora?

Binti wa Kibarazani, Ujiji

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nakupa pole kwa msiba, ambao naona bado ni mbichi kuliko barua yako inavyokubali. Mimi nimefundisha Kiswahili hapa Tabora mpaka nikastaafu. Ni Mwislamu kama wewe, lakini si mwanazuoni, na sitakutolea fatwa. Nitakujibu kwa kile ambacho maisha ya kufundisha mashairi na kusali yamenipa, na panapohitaji mwenye elimu ya sharia nitakuelekeza kwake.

Nianze na mkono, kwa sababu hapo ndipo dai la kaka yako kwamba sanaa haifundishi lolote linapogonga mwamba. Macho yako yaliuona mkono ule kila siku kwa miaka 26. Uliona, lakini hukujua, kwa kuwa hapakuwa na kitu kilichokulazimisha kuuliza. Picha ndiyo iliyouliza: mkono wa kulia uko wapi, na unafanya nini? Ukaipa jibu la desturi, ikalikataa. Ukalipamba jibu lile lile, ikalikataa tena, kwa majuma matatu. Ungekuwa unafuata hisia zako tu, ungeridhika tangu siku ya kwanza, maana hisia hukubali kila tunachokipenda, na wewe ulimpenda bibi aliyeshika tasbihi kwa mkono wa kulia. Kilichokukatalia kilikuwa nje ya matakwa yako, na jambo linaloweza kukuambia “umekosea” lina haki ya kuitwa elimu. Kisha ukafanya jambo ambalo wachoraji wengi hawalifanyi: ulitoka ukatafuta shahidi. Naomba uone pia mpaka wa kile ulichopewa. Brashi ilikuambia kwamba kuna kitu mkononi. Haikukuambia kuhusu moto, wala mawese, wala mwaka. Hayo yalitoka kinywani mwa shangazi yako.

Shaka ya kaka yako si ngeni, na wenye akili kubwa waliwahi kuwa nayo. Plato wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitoa mfano wa vitanda vitatu: kitanda chenyewe katika asili yake, ambacho mwenye kukifanya ni Mungu, kitanda cha seremala, ambacho ni mfano wa kile cha kwanza, na kitanda cha mchoraji, ambacho ni mfano wa mfano. Mchoraji, alisema, yuko mbali na ukweli kwa daraja mbili zaidi, kwa sababu huiga sura ya kitanda bila kujua kitanda. Kila nilipofundisha methali darasani nilikuwa nikiuwaza mfano huo, kwa maana wazee wetu nao walikitazama kitanda wakauliza nani anakijua, na hawakumtaja seremala. Walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa mizani hiyo, anayejua ni yule aliyekaa na kitu mpaka kikamgusa mwili. Wewe ulikaa na mkono wa bibi yako usiku baada ya usiku, ukaukunja na kuukunjua kwa rangi, mpaka ukauhisi umekakamaa. Hukuiga sura yake, uliulalia.

Sasa twende kwenye kisomo, nako ndiko ninakotaka kukaa zaidi, kwa sababu umeandika sentensi moja ambayo sidhani kama umeona uzito wake. Umesema aya ile ulikuwa unaijua, na usiku ule ukaijua kwa namna nyingine. Itazame aya yenyewe. Haisemi kwamba kila nafsi itafikwa na mauti, au itayajua mauti, inasema itayaonja. Neno lake la Kiarabu lina mzizi mmoja na neno dhauki, yaani kuonja, ambalo mwanazuoni Imamu Ghazali alilitumia alipotaka kueleza aina ya elimu isiyopatikana kwa kusoma. Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya cha Baghdad, mwenye wanafunzi wengi na sifa iliyoenea, na mwaka 1095 aliiacha kazi hiyo baada ya ulimi kumkauka darasani asiweze kufundisha. Katika maelezo ya safari yake anasema kwamba vitabu vya masufi alikwisha kuvisoma, na yote yanayoweza kupatikana kwa kusikia na kusoma alikuwa nayo. Kilichobaki hakikuwa na njia ila kuonja na kugeuza maisha. Akatoa mfano: mtu anaweza kujua ufafanuzi wa afya na sababu zake zote, lakini huko siko kuwa na afya, na mlevi hajui ufafanuzi wa ulevi hata kidogo, ilhali amelewa.

Usiku wa kisomo wewe ulikuwa umetoka kwenye ufafanuzi ukaingia kwenye kuonja. Huo, kwa maoni yangu, ndio undugu wa mambo mawili yaliyokupata: hakuna hata moja ambalo ungeweza kulipata ukiwa umesimama nje. Ndiyo maana mtu anayekudai uthibitishe kwa hoja peke yake, awe kaka yako au mwalimu mwenzako, atakuacha umeduwaa.

Hata hivyo, usifanye haraka kusema kwamba basi ni kitu kimoja, kama wanavyosema baadhi ya wasanii siku hizi, kwamba brashi ndiyo sala yao. Picha ilikufundisha kuhusu mkono huu, wa mwanamke huyu, wa kibaraza hiki. Nguvu yake yote imo katika upekee huo, na ungemchora bibi wa kila mtu usingempata bibi yako. Aya ilisema kila nafsi. Ilimchukua marehemu, ikakuchukua wewe, ikawachukua na wale majirani waliokuwa wanasoma pamoja, kwa maneno ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeyatunga wala mwenye ruhusa ya kuyafuta akarudia. Picha ilikusahihisha kuhusu mkono mmoja, kisha ikakuruhusu kuosha brashi na kulala. Aya haikukuruhusu kulala hivyo, kwa kuwa mtu aliyeionja kweli hudaiwa: aamke alfajiri, alipe madeni ya marehemu, amsamehe aliyemkosea kabla zamu yake haijafika. Elimu ya dini isiyomdai mtu chochote huwa haijaonjwa bado.

Mwanafalsafa aliyetajwa na mwalimu mwenzako ni Hegel, aliyefundisha Berlin katika miaka ya 1820. Alisema kwamba sanaa, dini na falsafa zinabeba ukweli ule ule, sanaa kwa sura zinazoonekana na kusikika, dini kwa taswira zinazokaa moyoni, falsafa kwa dhana. Akaiweka falsafa juu. Nusu ya kwanza ya neno lake naipokea kwa mikono miwili, na rafiki yako angeisoma vizuri angeona kwamba Hegel hakusema dini na sanaa ni hadithi za kujiliwaza. Hayo ameyaongeza mwenyewe. Hadithi ya kujiliwaza isingekuonyesha mkono ulioungua. Ingekuonyesha mkono mzima.

Lakini daraja lake silikubali, na sababu yangu iko katika lugha yetu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi, akiutazama mji wa Pate, katika pwani ya Kenya, uliokuwa umetajirika kisha ukaanguka. Anausemesha moyo wake, anauonyesha majumba yaliyokuwa na taa na mazulia, na zile daka za ukutani zilizopangwa vyombo vya kauri, ambamo sasa ndege wa mwituni wamelaza makinda yao. Ondoa ushairi, ubaki na hoja tupu kwamba dunia hupita, nayo ni hoja ambayo mtoto wa chuo anaijua na haimtikisi. Ondoa dini, zibaki picha nzuri za magofu, utazitazama kisha uendelee na safari yako. Makinda yale ndani ya daka ndiyo yanayoifanya hoja ionjwe, na hofu ya Mungu ndiyo inayoyafanya makinda yale yawe zaidi ya makinda. Ukiniuliza kipi hapo ni daraja la chini na kipi ni la juu, sina jibu, na sidhani kama mtunzi angekuwa nalo. Jina lenyewe la utenzi maana yake ni kufunuka, kama vile pazia linavyovutwa kitu kikaonekana, nalo ni neno la watu wa tarika, yaani njia za Kisufi, kabla ya kuwa neno la washairi. Wewe na mimi tumekulia katika miji ambayo zikri ya tarika ya Qadiriyya ilishika mizizi, Ujiji na Tabora. Tunajua kwamba pumzi za watu zikipatana usiku, hakuna anayeuliza hapa sauti imeishia wapi na ibada imeanzia wapi.

Kaka yako naye, mwambie kwa adabu atazame mswala anaosalia. Kuna mtu aliyechagua rangi zake na kuusuka. Atazame maandishi ya msahafu wake. Kuna mkono uliojifunza kwa miaka mingi kuinama na kunyooka kwa herufi. Aya za kwanza kuteremshwa zilimtaja Mola aliyefundisha kwa kalamu. Na katika sura ya Rum, aya ya 22, kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kumehesabiwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu kwa wenye kujua. Sisemi kwamba aya hiyo inahalalisha picha, na ningekosea kuilazimisha iseme hivyo. Nasema kwamba macho yanayozipambanua rangi hayafanyi kazi ya upuuzi.

Lililobaki ni la hukumu, nalo usilichukulie kwa wepesi kwa sababu tu kaka yako amelisema kwa ukali. Hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, zinazowaonya wenye kutengeneza sura za viumbe zimo katika vitabu sahihi, na madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, yamezichukua kwa uzito mkubwa. Ninalo jambo nililojifunza kuhusu hofu hiyo kutoka kwa rafiki yangu Mkatoliki, mwalimu mwenzangu wa zamani. Siku moja alinionyesha kanisani picha zile 14 za Njia ya Msalaba. Nilipomuuliza kama wanaziabudu alisema hapana, huzipitia kama mtu anavyopita mlangoni, na kwamba kanisa lilikwisha kuligombania jambo hilo mpaka likatofautisha heshima na ibada katika mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nikea wa mwaka 787. Kisha, bila mimi kumwuliza, akanisimulia habari ya nyoka wa shaba katika Agano la Kale: Musa aliamriwa kumtengeneza ili walioumwa na nyoka wamtazame wapone, na vizazi vingi baadaye mfalme Hezekia akamvunja vipande, kwa kuwa watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Nyoka ni yule yule. Walichokuwa wamekipoteza ni kutazama kupitia kwake. Walikuwa wamefika mlangoni wakaanza kuusujudia mlango. Nilimheshimu sana kwa kuniambia hivyo, maana ilikuwa hoja dhidi ya picha zake mwenyewe. Hatari ambayo dini inaionya ni ya kweli, na mchoraji asiyeijua haijui kazi yake.

Kwa hiyo nenda kwa mwenye elimu, na kwa bahati unaye nyumbani, baba yako. Wapo miongoni mwa wafuasi wa Imamu Malik waliotofautisha sanamu lenye kivuli na picha ya bapa. Sahaba Ibn Abbas alimshauri mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza picha achore miti na visivyo na roho. Na wapo wanazuoni waliosema kwamba sura isiyo na kichwa haina hukumu ya sura kamili. Hilo la mwisho nimelifikiria sana nilipokuwa nasoma barua yako, kwa sababu uso wa bibi, umesema mwenyewe, ulikuja upesi. Uliyoyajua kwa kuchora yalikuwa mikononi. Ikiwa mwisho wa yote hukumu utakayoifuata itakuzuia kuchora uso, picha ya mikono miwili pajani, tasbihi ikiwa katika mkono wa kushoto, haitakuwa picha iliyopunguzwa. Huenda ndiyo ambayo ubao ulikuwa unaitafuta kwa majuma yale matatu. Kuchora usiache. Jifunze mahali pa kuchora, na kitu gani cha kuacha bila kuchorwa.

Nafika kwa baba yako. Yeye hakusema haramu. Aliyesema haramu ni kaka yako. Baba yako alisimama, akatazama, akasema “Iondoe,” akalala na njaa. Wewe umeyaweka maneno ya wawili hao katika kapu moja, nami nakuomba uyatenganishe. Kama sebule hiyo ndimo anamosali sunna zake za usiku, iko hadithi inayofanana na neno lake: Bibi Aisha alikuwa na pazia lenye picha, naye Mtume akamwambia aliondoe, kwa kuwa picha zake zilikuwa haziachi kumjia katika sala yake. Je, mtu atasimamaje kusali akiwa ametazamana na mama yake aliyemzika mwaka jana?

Na kuna jambo jingine, ambalo ni zito zaidi kwangu. Shangazi yako alikuambia kwamba bibi hakupenda habari ya mkono ule isemwe. Aliusitiri. Kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alijipanga kibarazani kwa namna ambayo mkono ulilala pajani pasipo mtu kushangaa, na alifanikiwa hata mbele yako uliyelelewa naye. Ulichokigundua ni kweli, na ulikigundua kwa haki, kwa mapenzi na kwa kazi. Lakini kukijua hakukukupa ruhusa ya kukitundika mahali ambapo kila mgeni anayekuja kunywa chai atauliza mkono huo una nini. Sanaa hufunua; hiyo ndiyo kazi yake, na haiwezi kuombwa iwe kipofu. Dini ndiyo iliyotufundisha sitara, kwamba aibu na maumivu ya mwenzako ukiyajua unayafunika. Umepewa elimu na mojawapo ya njia hizi mbili, na sasa unaihitaji ile nyingine ikuambie uibebe vipi. Sioni ugomvi kati yao hapo. Naona kazi moja ambayo umeifanya nusu.

Iteremshe picha leo, wala si kwa hasira. Ifunge kwa kanga mojawapo ya marehemu, uiweke chumbani kwako. Usimpelekee baba yako hoja za Ghazali wala za Hegel, na kaka yako asiwepo. Subiri usiku ambao ametulia baada ya isha, mpelekee chai mwenyewe, ukae chini karibu naye. Usianze kwa picha. Mwambie kwamba ulimwona bibi kwa miaka yote ile na hukujua kitu, na kwamba sasa umejua kidogo, na ungependa akusaidie kujua zaidi. Kisha muulize, kwa sauti ya chini: “Baba, siku ile mkono wa bibi ulipoungua, wewe ulikuwa wapi?” Ukishamuuliza, nyamaza, hata akikaa muda mrefu kabla ya kujibu.